Sufuria ya Msiba Haiulizwi

"Zima hiyo video," Stacy alisema. "Huyo mama anatudanganya."

Hapo ndipo tulipomwacha wakili Haika Jumamosi iliyopita: amesimama katika chumba cha kukodi mjini Anoka, Minnesota, mbele ya watu kumi asiowajua, rimoti mkononi, uso wa mteja wake umeganda ukutani.

Damu ilimpanda kichwani. Alitaka kumuuliza yule mwanamke: wewe unamjua? Unajua ametoka wapi, amezika wangapi?

Hakuuliza. Kazi aliyojipa asubuhi ile ilimkataza. Wale watu kumi hawakujua yeye ni wakili wa nani. Waliambiwa kwamba kuna kesi, watasikia upande huu na upande ule, kisha waseme wanavyoona bila kumwonea mtu haya. Wakijua tu yuko upande gani, wangeanza kumstahi, na maoni ya kustahiana hayajawahi kumtoa mtu gerezani.

Kanuni yake ilikuwa hii: mtu akikuchoma kisu, mshukuru, halafu muulize kama anacho kingine.

"Asante, Stacy," alisema. "Tuambie zaidi."

Kwa anayeanza kusoma leo, kesi yenyewe hii hapa. Euphrasie Kasika, mjane, mkimbizi kutoka Bukavu, alikuwa akilea wazee katika nyumba moja ya matunzo huko Apple Valley. Usiku mmoja wa baridi kali, mzee Lindquist, ambaye akili yake ilikuwa imeanza kupotea, alifungua mlango akatoka na nguo za kulalia. Asubuhi alikutwa nyuma ya gereji, amekufa kwa baridi.

Zamu ya usiku ilikuwa ya Euphrasie. Serikali ikamshtaki kwa kumtelekeza mtu asiyejiweza mpaka akafa. Akitiwa hatiani ni gereza. Na mkimbizi anayetoka gerezani siku hizi, hujui nani anamsubiri nje ya lango amrudishe kwao.

Kesi ilikuwa ianze Jumatatu. Wa kuamua ni juri, watu kumi na wawili wa kawaida walioitwa kwa barua kutoka majumbani mwao: fundi bomba, mwalimu, mama wa nyumbani. Ofisi kubwa za mawakili huajiri wataalamu wa kupima mapema watu kama hao watafikiri nini. Ofisi ya Haika ina meza mbili na mashine ya kahawa inayovuja. Akaamua kukusanya watu na kuwapima mwenyewe, kile wanachokiita focus group.

Mara ya kwanza alikosea, na kosa lake ni letu sote. Alikusanya watu wa nyumbani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, akawaweka sebuleni kwake, akawapikia pilau. Wakala. Wakasikiliza. Wakalia. Wote wakasema mama wa watu hana hatia.

Nani amewahi kula pilau ya mtu akamwambia kesi yako mbovu?

Aliyemwambia ukweli ni Wambui, rafiki yake Mkenya, wakili wa mikataba ya nyumba, wakiosha sahani. "Haika," alisema, "hiyo haikuwa focus group. Hiyo ilikuwa harambee."

Ndiyo maana safari hii alikuja Anoka, mji ulio mbali na Apple Valley, ambako hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuitwa kwenye juri ile. Akachagua watu wasiomjua. Akawapa kahawa ya birika na biskuti kavu. Na Wambui akapewa kazi ya kuwa mwendesha mashtaka, akaifanya vizuri mpaka Haika akamchukia kidogo.

Sasa Stacy, ambaye anauza nyumba na amezoea kusikilizwa, alisogeza kiti mbele. Maneno yake tunayaandika kwa Kiswahili. Ukali wake tumeuacha ulivyo.

"Ni ile sufuria," alisema. "Mzee anakufa kwenye zamu yako. Kabla maiti haijapoa unakwenda kwa binti yake na chakula, unaingia jikoni kwake, unaanza kuosha vyombo vyake? Mtu asiye na hatia hafanyi hivyo. Huyo alikwenda kujipendekeza. Au alikwenda kusikiliza polisi wamesema nini."

Haika alishika rimoti kwa mikono miwili.

Sufuria! Sufuria ndiyo ilikuwa silaha yake kuu. Rachelle, binti wa marehemu, anakaa Eden Prairie. Katika maelezo yake aliwaambia wapelelezi kwamba gari la polisi lililoleta habari lilikuwa likiondoka, halijafika hata kwenye kona, akamkuta Euphrasie mlangoni na sufuria ya maharage iliyofungwa kwa kitambaa, bado ya moto. Euphrasie alikuwa akiijua nyumba ile. Aliwahi kumpeleka mzee pale Krismasi. Hakusema mengi. Alimshika Rachelle mkono, akaingia jikoni, akafungua bomba.

Sebuleni kwa Haika, watu wa pilau waliposikia sehemu hiyo, walilia kuliko sehemu yoyote. Alikuwa amepanga kuanza nayo Jumatatu. Sentensi yake ya kwanza mbele ya juri ilikuwa: "Wa kwanza kufika msibani alikuwa huyu mwanamke."

Kumbe angekuwa amemchimbia mteja wake kaburi kwa sentensi ya kwanza.

"Nani mwingine ana neno juu ya sufuria?" aliuliza, sauti yake ikiwa kavu kama zile biskuti.

"Mimi." Alikuwa Duane, mzee mnene mwenye fulana ya kuvulia samaki kwenye barafu. "Stacy, wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa Anoka."

"Basi usijifanye mgeni. Baba yangu alipokufa tuliletewa hotdish kumi na moja. Mama aliweka nyingine kwenye theluji nje kwa kukosa nafasi. Mama Peterson wa jirani alikuja akadeki jikoni bila kuomba ruhusa. Ulimwita muuaji?"

Watu wakacheka. Hata Stacy alitabasamu, maana hakuna mtu wa Minnesota ambaye hajapeleka au kupelekewa lile bakuli la viazi na nyama ya kuoka siku ya msiba.

"Mama Peterson hakuwa na zamu usiku ule," Stacy alisema.

"Ndiyo nataka kusema hivyo hivyo." Duane aligonga meza. "Fikirini. Mama huyu amekesha kazini usiku kucha. Anatoka saa moja asubuhi. Anapigiwa simu kwamba mzee amekufa. Mimi nilifanya kazi za usiku miaka mingi. Ukitoka huwezi hata kuvua viatu. Yeye anarudi kwake Saint Paul, anapika maharage sufuria nzima, anatafuta mtu wa kumpeleka Eden Prairie, na saa tatu haijagonga yuko mlangoni. Huo ni moyo! Huyo hawezi kumwacha mzee afe."

"Duane, maharage ni dakika tano," Stacy alisema. "Unafungua kopo, unatia sufuriani."

"Hata dakika tano mimi nisingeweza."

Chumba kizima kikacheka, na mambo yakaisha hapo. Wakahamia kwenye kufuli la mlango.

Watu wawili hawakucheka.

Haika aligeuza macho polepole mpaka yakakutana na ya Wambui upande wa pili wa meza. Wambui alikuwa ameacha kuandika. Kalamu yake ilikuwa imesimama hewani.

Kopo?

Mama wa Bukavu apeleke maharage ya kopo msibani? Heri aende mikono mitupu, heri asiende kabisa. Na Rachelle mwenyewe alisema aliyaonja jioni ile: yamelainika, yana mafuta mekundu juu, hajawahi kula kitu kama kile. Maharage ya mawese. Unaloweka. Unachemsha. Unaongeza maji, unachemsha tena, unaunga. Haika amezaliwa Machame. Hakuhitaji saa ya ukutani kumwambia kwamba maharage yale yalikuwa jikoni tangu usiku.

Na Euphrasie amesema, kwa polisi, kwa Haika, na sasa hivi kwenye video, kwamba usiku ule alikuwa Apple Valley, kitini, mlango wa pili kutoka kwa mzee.

Maelezo ya Rachelle Haika alikuwa ameyasoma mpaka karatasi zikalegea. Wale watu wa pilau, nusu yao wakiwa akina mama wanaopika maharage kila wiki, walisikia habari ile ile kwa masikio yao. Hakuna aliyeuliza. Kwetu sufuria ya msiba haiulizwi imepikwa lini. Unaipokea, unasema asante, unatafuta pa kuiweka.

"Haika?" Wambui aliita kwa sauti ndogo. "Kura."

Wakapiga kura. Saba walisema mama hana hatia. Watatu walisema anayo, na Stacy akiwa mmoja wao, akisema hajui kwa nini lakini kuna kitu.

Walivyokuwa wakivaa makoti, Duane alimpa Haika mkono. "Ukimwona wakili wa yule mama," alisema, "mwambie asiogope. Ampandishe tu kizimbani aongee. Ukimsikia unamwamini."

*

Wambui alikuwa akilivusha gari daraja la mto.

"Ile maharage," alisema.

"Usianze."

"Mimi nimekulia Nyahururu, Haika. Maharage unaweka kwa jiko, unaenda shamba, unarudi, bado inachemka. Huyo mama alikuwa kwake usiku wote."

"Labda ana sufuria ya presha."

"Ushawahi kuiona kwake?"

Haika alitazama theluji chafu pembeni mwa barabara. Amekaa jikoni mle mara nyingi kuliko kwa dada yake. Hakuna sufuria ya presha.

"Na unajua kitu mbaya?" Wambui aliendelea. "Ile juri haitawahi jua. Hawa watu wote beans ni ya kopo. Prosecutor pia ni beans ya kopo. Toa hiyo sufuria kwa hotuba yako, nyamaza, acha mama aongee. Umeshinda. Umeskia Duane."

"Nikijua ni uongo siwezi kumpandisha akaapa. Wewe unajua hivyo."

"Basi usijue. Nigeuze gari saa hii twende tukule nyama, wewe hujui kitu, mimi sijui kitu."

Haika alimwonyesha barabara ya Saint Paul.

"Haika. Kama alikuwa kwake, nani alikuwa kwa mzee? Hujauliza hiyo. Ukiuliza, itajibiwa."

"Kama aliondoka kazini akamwacha mzee peke yake," Haika alisema, "basi Stacy amesema kweli, na mimi nimekuwa mjinga mwaka mzima. Nataka anitazame usoni aniambie."

Wambui alivuta pumzi, akawasha taa ya kona. "Sawa boss. Lakini mimi nakungoja kwa gari. Mimi sitaki kuskia kitu nitaitwa mahakamani kusema."

*

Euphrasie alifungua mlango kabla Haika hajabisha mara ya pili. Kitenge kiunoni, sweta mbili, miguuni soksi.

"Maître! Ingia, ikala hapa. Umekula?" Maître ndivyo Wakongo wanavyomwita wakili.

"Nimekula, Mama Héritière."

"Unadanganya. Uso yako ni ya mutu hajakula." Alikuwa tayari amegeukia jiko. Kisha akasimama, mgongo kwa Haika, kama mtu anayengoja majibu ya daktari. "Bale batu balisema nini?"

Haika alikuwa amejiandaa kuanza na swali. Lakini ule mgongo ulimshinda.

"Walikuamini," alisema. "Saba kati ya kumi."

Mabega ya Euphrasie yalishuka. "Mungu ni mukubwa," alisema. "Aksanti, Maître. Bazungu saba!"

"Mama Héritière, yale maharage ya kwa Rachelle uliyapika saa ngapi?"

"Maharage gani?"

"Uliyopeleka msibani."

Euphrasie alicheka kidogo, kwa mshangao. "Mutu anauliza sufuria ya msiba?"

"Mimi nauliza. Nilipaswa kuuliza siku ya kwanza."

"Ah, yalikuwa ya kanisa ile. Ilikuwa dimanche, siku ya kusali, kulikuwa ubatizo, nilipika usiku, na ile habari ilipokuja nikasema basi, nibebe yote..."

Mkono wake ulipanda mdomoni, umechelewa.

Maji yalikuwa yakichemka kwenye birika. Hakuna aliyeyaondoa.

"Ulipika hapa," Haika alisema. "Usiku ule."

"Nilisema vibaya."

"Ulikuwa hapa, Euphrasie."

"Nilikuwa kazini. Andika hivyo. Nilikuwa kazini, nililala, muzee akatoka. Kosa ni yangu."

"Hukuwahi kuniambia ulilala. Mwaka mzima ulisema hukulala."

"Sasa nasema nililala."

Hapo ndipo Haika alipoogopa kweli. Mtu mwenye hatia hujitafutia mlango wa kutokea. Huyu alikuwa anajitafutia mlango wa kuingilia.

"Nani alikuwa kwa mzee?"

"Mimi."

"Nani, mama?"

"Mimi! Unataka niapie nini?"

Ufunguo ulizunguka mlangoni.

Aliyeingia alikuwa Héritière, binti yake wa pekee, mwanafunzi wa uuguzi, na nguo zake za bluu za hospitali chini ya koti, theluji kwenye viatu. Ametoka kwenye mazoezi ya wodini. "Hi, Auntie Haika," alisema, akainama kuvua viatu. Halafu akamwona mama yake.

"Mom? Kuna nini?"

"Enda chumbani."

"Umemwambia nini?"

"Héritière, nilisema chumbani!"

Mtoto wa mtu hakuenda chumbani. Alisimama na kiatu kimoja mkononi, akamtazama mama yake, akamtazama wakili, na rangi ikamtoka usoni. Haika hakuhitaji kurudia swali lake. Jibu lilikuwa limeingia kwa miguu yake lenyewe.

"Usiseme neno," Haika alimwambia haraka. "Nisikilize vizuri. Mimi ni wakili wa mama yako. Si wakili wako. Ukiniambia jambo, mimi siwezi kukufichia. Toka nje, nenda kwa rafiki yako, tafuta wakili wako mwenyewe, umwambie yeye."

"Good," Héritière alisema. "Sitaki unifichie."

"Mutoto huyu ni mugonjwa," Euphrasie alisema. "Hajalala. Maître, usimusikilize."

"Mama alikuwa amefanya zamu tano mfululizo. Miguu ilikuwa imevimba. Nikamwambia lala, nitaenda mimi. Namba yake ya siri ya kuripoti zamu kwa simu naijua. Niliingia kwa namba yake, kama siku zote."

Kama siku zote. Asiyejua hayo huku Minnesota hajawahi kufanya kazi za kulea wazee. Binti humshikia mama zamu, mke humshikia mume, namba moja watu wawili, na mwenye nyumba hajali ili mradi kitanda kina mtu wa kukitazama. Ni msaada. Ni mapenzi. Mpaka siku mtu akifa.

"Nilikuwa na mtihani," Héritière aliendelea. "Nilisoma na headphones. Nikasinzia, I don't know, kidogo. Asubuhi mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Nikafikiri amelala, nisimwamshe, mwenzangu wa asubuhi yuko njiani. Nikaondoka. Sikufungua mlango, Auntie. Ningefungua tu."

"Anadanganya!" Euphrasie alipiga meza kwa kiganja. "Anadanganya kuniokoa!"

"Mwaka mzima, Mom! Mwaka mzima nafunika wagonjwa wa watu shuka, na kila mmoja ana uso wa yule mzee."

"Basi utabeba hiyo uso na diploma yako! Mimi nimebeba nyuso ngapi kutoka Bukavu? Nimekufa?" Alimgeukia Haika, na sauti yake ikashuka, na ile ndogo ilikuwa mbaya kuliko ile kubwa. "Maître, sikia. Wewe ni mama pia. Mimi nilishakimbia inchi moja. Bakinirudisha, njia naijua. Huyu alikuja hapa kwa mugongo wangu. Bakimurudisha kule, atalala kwa nani? Hajui hata rue moja, hata barabara moja ya Bukavu. Mimi naenda gereza, nasali, natoka. Yeye amalize shule. Ni hesabu ya mutoto mudogo, hiyo."

Haika alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Asubuhi alikuwa na kesi ya kushinda. Watu saba wa Anoka walikuwa wamemwambia hivyo bila kujua wanamwambia nani. Sasa alijua kwamba kila neno waliloliamini lilikuwa la uongo, na kwamba mteja wake hakufanya kosa lile, na kwamba mteja wake huyo huyo angempiga teke mtu yeyote atakayejaribu kumtoa. Kumtetea Euphrasie ilikuwa ni kumpeleka mtoto wake mahali pake. Hakukuwa na njia ya tatu. Aliitafuta kwenye dari, kwenye sakafu, kwenye birika lililokuwa limekauka.

Héritière alirudisha mguu ndani ya kiatu. Akashika kitasa cha mlango.

"Auntie Haika. Nikienda polisi sasa hivi niseme ukweli, mama anatoka?"

"Tafuta wakili wako, umuulize yeye."

"Nakuuliza wewe. Yes or no."

"Mwambie hapana," Euphrasie alisema.

"Sipaswi kukujibu, Héritière."

"Kwa sababu jibu ni ndiyo?"

"Mwambie hapana, Maître! Wewe ni wakili wangu mimi! Kazi ni kusema ile nakutuma! Mwambie hapana!"

Sheria ilimtaka Haika afunge mdomo. Mteja wake alimtaka aseme uongo. Alimtazama yule msichana mlangoni, umri wa mdogo wake wa mwisho, macho mekundu kwa mwaka mzima wa kutolala, na akajua kwamba yeye mwenyewe angekuwa mlangoni pale, angetaka mtu mmoja duniani amjibu alichouliza.

"Ndiyo," alisema.

Héritière aliitikia kwa kichwa mara moja. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Viatu vikashuka ngazi mbio.

Haika alingoja yowe. Halikuja. Euphrasie alizima jiko. Akachukua koti kwenye msumari, akalivaa juu ya sweta mbili, akafunga kitambaa kichwani kwa kioo kidogo cha pembeni ya friji, taratibu, kama anakwenda kanisani.

"Unakwenda wapi, Mama Héritière?"

"Kule anaenda."

"Utawaambia nini?"

"Ile nilisema tangu mwanzo. Ni mimi. Yeye atasema ni yeye, mimi nitasema ni mimi. Tuone bataamini nani."

"Hawatakuamini. Ukweli una mambo madogo madogo, yeye anayajua, wewe huyajui."

Euphrasie aligeuka. Hakukuwa na hasira usoni pake, na hilo ndilo lililomuumiza Haika.

"Bazungu saba baliniamini leo, Maître," alisema. "Umenihesabia wewe mwenyewe."

Akatoka.

Haika alibaki peke yake jikoni kwa mtu. Dirishani aliona gari dogo la Héritière likirudi nyuma kutoka kwenye maegesho, likiteleza kidogo kwenye barafu, likashika barabara. Kisha akamwona Euphrasie akivuka theluji na soksi ndani ya malapa, bila kuangalia kulia wala kushoto, akienda moja kwa moja kwenye gari lililokuwa limewashwa likingoja.

Simu ikalia mfukoni. Wambui.

"Haika, client wako ako ndani ya gari yangu," alisema, akinong'ona. "Amefunga mkanda. Anasema nifuate gari ya mtoto wake, tufike polisi mbele yake. Haika, analia na hajui kama analia. Niambie saa hii. Nimpeleke?"